Udongo Uliochambuliwa Kama Mchele

Jua ndiyo kwanza linapanda, na mwanamke mwenye ndoo nyeupe ya plastiki amesimama kwenye mlango wa nyuma wa nyumba ya watu, anatazama chini. Hafurahii anachokiona. Ua umefagiliwa. Mistari ya fagio imenyooka kutoka ukutani hadi kwenye matuta ya mboga, na maji yamenyunyizwa ili vumbi litulie.

"Shangazi, si nilikuomba usifagie?" anasema.

"Mgeni anakuja kwangu, nisifagie?" anajibu mwenye nyumba, mshonaji aliyestaafu ambaye bado ana sindano iliyochomekwa kifuani mwa gauni. "Utaenda kusema nini huko kwenu?"

"Nitasema nimekuta usafi, na mimi nilifuata uchafu."

Mshonaji anacheka. Mgeni hacheki. Anauliza taka za leo zimetupwa wapi, anaoneshwa kijilundo nyuma ya pipa la maji, anachuchumaa na kukichota chote kwa kijiko cha chuma. Anakitia kwenye mfuko wake wa peke yake. Baada ya hapo ndipo anapiga goti kwenye tuta la kwanza na kuanza kazi iliyomleta.

Mtaani wanamwita Mama Ndoo. Ana umri wa miaka arobaini na kitu, mikono mifupi yenye nguvu, na tabia ya kuongea huku akitazama ardhi, kiasi kwamba anayezungumza naye mara ya kwanza hudhani anaona haya. Haoni haya hata kidogo. Kazi yake ni kuchukua udongo kwenye bustani za nyuma ya nyumba na kuupeleka maabara ukapimwe kama una risasi, kabla mwenye bustani hajapanda mboga.

Haina mbwembwe. Anachimba kina cha kiganja, anachota kidogo, anasogea, anachota tena, akipita tuta zima kwa kwenda upande. Vyote vinaingia kwenye ndoo, anavichanganya kwa mkono wenye glavu, kisha anajaza mfuko mmoja kiasi cha kikombe. Mawe yaliyomo yanabaki, na vipande vya majani na unyoya wa kuku navyo vinabaki. "Nauchukua ulivyoamka," anasema.

Watu hawamwelewi upesi. Wako wanaodhani ametumwa na watu wa kodi, wanaficha kuku. Mzee mmoja alishikilia kwamba anatafuta dhahabu, akamfuata nyuma asubuhi nzima asije akaondoka nayo.

Risasi anayoitafuta ni metali nzito ambayo zamani ilitiwa kwenye rangi za mafuta na kwenye petroli. Rangi ikizeeka hubanduka. Betri kuukuu zikipasuliwa uani huimwaga. Ikishaingia kwenye udongo haiozi wala haihami, na mchicha unaoota juu yake hung'aa kama mchicha mwingine wowote. Mtu mzima, risasi humdhuru polepole. Mtoto mdogo humharibia damu na kumwathiri akili inayokua, na mtoto mdogo ndiye anayeshika chini akaweka mkono mdomoni.

Mama Ndoo aliingia maabara kama mfanya usafi, akiosha chupa na kufuta meza. Ulipoanza mpango wa kupima bustani za mjini akahitajika mtu anayejua kubisha hodi, naye hilo analiweza. Hana ajira ya kudumu. Hulipwa kwa siku anazotoka, na mvua ikinyesha hatoki, kwa sababu udongo uliolowa haufai kuchukuliwa. Ni mtu wa pekee mtaani kwao anayenuna wingu likitanda wakati wenzake wanafurahia kuchota maji ya bure.

Lakini ukali wake juu ya fagio haukutoka maabara. Ulitoka nyumbani kwake.

Anaishi na mumewe, dereva wa lori, katika nyumba ya mama mkwe wake. Ni nyumba ya matofali yenye vyumba vinne na madirisha ya mbao ya kijani. Rangi hiyo aliipaka baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa fundi rangi, na kila kazi ilipoisha alirudi na masalio ya kopo, akaongeza koti jingine la rangi kwenye madirisha yake. Mama mkwe huyajua makoti hayo kwa miaka. Hili la chini ni la mwaka alipoolewa, hili ni la mwaka alipojifungua mtoto wa pili.

Majirani humwita Bibi Fagio, tena usoni, naye hufurahi. Kila asubuhi huanzia chini ya madirisha, anashuka na ua wote, anaishia kwenye tuta lake la mchicha. Taka huzitupa humo humo zioze. Ukitaka kumkosea, mwambie ua wake una jani. Mchicha wake ulikuwa na sifa mtaa mzima, na hakuna aliyekuja na bakuli akarudi nalo tupu.

Mwenzake wa uani ni mjukuu, mtoto wa mwisho wa Mama Ndoo, binti ambaye mwaka jana alikuwa anajifunza kutembea. Bibi humwita "mke mwenzangu". Mmoja akifagia, mwingine alikuwa amekaa kando ya tuta anachimba kwa vidole na kuonja.

"Nilimwona," anasema Bibi Fagio. "Nikasema mke mwenzangu anakula udongo kama mimi nilipokuwa na mimba ya baba yake. Nikacheka."

Kisha mtoto akaanza kukataa chakula. Midomo ikampauka, akawa mlegevu, analia bila sababu. Kliniki wakampima damu wakaikuta pungufu. Muuguzi akauliza wazazi wanafanya kazi gani.

"Nikamwambia mimi napima risasi kwenye udongo," anakumbuka Mama Ndoo. "Akaweka kalamu chini. Akasema, dada, basi naye tumpime hiyo hiyo."

Majibu yalipotoka, damu ya mtoto ilikuwa na risasi. Haikuwa ya kulazwa, lakini muuguzi hakumficha. Kama inapoingilia hapatazibwa, itapanda. Wakampa tarehe ya kurudi kupima tena.

"Nilidhani ni mimi," anasema, na kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yetu anainua uso kutoka ardhini. "Nilidhani nimemletea mwanangu sumu kwa viatu vyangu. Nilijichukia, sikufichi. Nilikuwa namnyonyesha huku najichukia."

Viatu vya kazi akavihamishia maabara. Nguo za kazi akawa anazifua huko huko. Mtaalamu wa maabara akampimia vumbi la viatu, la mkoba, hata la mkeka anaolalia mtoto. Hakukuwa na kitu cha kutisha. Kilichobaki ni ua, na ua ulikuwa na mwenyewe.

"Mkwe hampimi mama mkwe," anasema. "Unaanzia wapi? Mtu mzima amekupokea kwake, amekufundisha jiko lake, halafu unamwambia ua wako nautilia shaka? Mwenye sifa ya usafi mtaa mzima?"

Kwa hiyo akafanya kosa. Akangoja mama mkwe ameenda kumjulia hali ndugu mgonjwa, akachukua udongo wa tuta la mchicha akiwa peke yake, akafukia vijishimo na kupitisha fagio juu. Maabara anayofanyia kazi huanza kukunja uso udongo wa bustani ukifika sehemu mia mbili za risasi katika kila milioni. Udongo wa Bibi Fagio ulitoka na mia saba na ushei.

Aliyasema Jumapili mchana, chakula kikiwa mezani.

"Kwa hiyo ulingoja nitoke ndipo uje unichimbulie, kama kuku?" alisema mama mkwe. "Watoto wanne wamelelewa hapa, wote kwa mchicha huu. Yupi kati yao ni punguani? Huyu mumeo?"

Mume, ambaye alikuwa na mchicha huo huo mdomoni, aliona ni heri aendelee kutafuna.

Baada ya hapo nyumba ikapoa. Wanawake wawili waliokuwa wakimenya viazi kwenye beseni moja wakawa wanawasiliana kupitia mtoto ambaye hata kusema hajajua. "Mke mwenzangu, mwambie mama yako chumvi imeisha." "Mwanangu, mwambie bibi ipo kabatini." Mtoto anamtazama huyu, anamtazama yule, anapiga makofi.

Mchicha ukaondoka mezani, na Mama Ndoo akamkataza binti yake kwenda uani. Akawa anamfunga mgongoni hata akiwa nyumbani. Bibi aliliona hilo, na lilimuuma kuliko namba zote za maabara.

"Kunichukulia mchicha sawa," anasema. "Lakini kuninyima mtoto? Hapo nikasema, basi na mimi nitaupima mwenyewe. Kama kuna sumu wataiona kwenye udongo niliochukua mimi, usiochukuliwa kwa wizi."

Akaomba aelekezwe, akaelekezwa: kina cha kiganja, sehemu kadhaa za tuta, changanya, jaza mfuko. Akafanya kwa mikono yake. Akaleta udongo umefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

Maabara wakaupima. Tisini.

Kwa namba hiyo Bibi Fagio alikuwa ameshinda, na hakuwa mtu wa kushinda kimya kimya. Siku hiyo hiyo mchicha ulirudi mezani, bakuli kubwa, na majirani walijua kabla jua halijazama kwamba mkwe wake na maabara yao hawajui kupima. Mume akala. Mama Ndoo akakaa mbele ya sahani na mtoto mapajani, kijiko kimeelekezwa kwa mtoto na bibi mwenyewe, na tarehe ya kliniki imekaribia.

"Nilitaka kuamini," anasema. "Ningependa sana iwe tisini. Lakini mia saba nilichukua mimi, na mikono yangu naijua."

Akasema mtoto ameshiba, akanyanyuka naye. Bibi akabaki ameshika kijiko.

Asubuhi yake alirudi maabara na kuomba mfuko wa mama mkwe ufunguliwe tena. Mtaalamu wa maabara, kijana mpenda utani ambaye huimba akifanya kazi, akamwaga kilichobaki kwenye sahani nyeupe. Akauacha wimbo katikati.

"Nilimwuliza, huu udongo nani kauogesha?" mtaalamu huyo anasimulia. "Hauna jiwe, hauna jani, hauna hata vumbi. Na sisi tunauchekecha udongo hapa, lakini tunatoa mawe, vumbi tunalibakiza, maana risasi hukaa zaidi kwenye vumbi. Huu ulikuwa umevaa vizuri kama unakwenda harusini."

Mama Ndoo alirudi nyumbani. Akamkuta mama mkwe uani, ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele. Anasema alisimama pale akitazama vidole vya yule mama vinavyosukuma punje huku na kuokota chenga kule, na kabla hajauliza akawa amekwisha jibiwa. Lakini aliuliza, na safari hii hakumtuma mtoto.

"Mama, ule udongo ulionipa, uliuandaaje?"

"Kama mtu anavyoandaa kitu cha kupeleka kwa watu. Nikauanika, nikauchambua, nikaupepeta. Ulitaka nikupe na taka zake, waseme natoka nyumba chafu?"

"Hizo taka zilikuwa nini?"

"Taka ni taka. Vijiti. Vumbi. Na hivi vigamba vigamba."

"Ukavitupa wapi?"

Bibi Fagio akaonesha kwa kidevu. Alivitupa anapotupa siku zote, kwenye tuta.

Wakaenda wote wawili, wakachuchumaa. Havikuhitaji kutafutwa. Vilikuwa juu ya udongo, vingine vikubwa kama ukucha, vingine vidogo kama pumba, upande mmoja vimefifia na upande mwingine bado kijani. Mama mkwe akaokota kimoja, akakigeuza. Kilikuwa na matabaka, koti juu ya koti. Kisha akainua macho kwenye dirisha.

"Hii ni rangi ya baba yenu," alisema.

Ukutani, chini ya kila dirisha, palikuwa peupe kwa usafi. Kilichodondoka hapo miaka yote kilifagiliwa kila asubuhi, kikapelekwa kwa uangalifu hadi kwenye mchicha. Na siku moja kilipotolewa kwenye udongo, kilitolewa kwa uangalifu ule ule, na mia saba ikawa tisini.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemlisha," mama mkwe alisema.

"Hapana, Mama."

"Ni mimi. Nani mwingine anafagia hapa?"

Mama Ndoo anakiri kwamba wakati ule alihisi vitu viwili kwa pamoja. Kwanza nafuu, kwa kuwa havikuwa viatu vyake. Halafu aibu, kwa sababu nafuu hiyo aliipata mbele ya mama mzima anayelia. Alimrudisha mama mkwe kwenye kigoda, akamshusha mtoto mgongoni na kumweka mapajani kwa bibi yake. Hakujua afanye nini kingine.

Siku kadhaa zilizofuata ua haukufagiliwa. Majirani walikuja mmoja mmoja kuuliza kama kuna msiba.

Kazi ya kurekebisha waliifanya kidogo kidogo, kadiri safari za lori zilivyoruhusu. Mchicha uling'olewa na kutupwa. Tuta la zamani lilifunikwa kwa magunia, mchanga ukamwagwa juu, na nyasi zikapandwa hapo ili mtoto akicheza asifikie kilicho chini. Madirisha yalikwanguliwa yakiwa yamelowanishwa, turubai limetandikwa chini, kila kigamba kikaingia kwenye mfuko uliofungwa na kupelekwa maabara kwenye taka zao za hatari. Bibi na mjukuu walihamishiwa kwa ndugu mpaka kazi ikaisha.

Mbao zilipobaki tupu mume aliuliza rangi gani ipakwe. Mama yake alimtazama kama vile ameuliza jina lake ni nani.

"Kijani," alisema.

Ikanunuliwa kijani isiyo na risasi. Si ile ile kabisa, anasema Bibi Fagio, imekaa mbichi mbichi, lakini ukiitazama jioni inakubalika.

Kliniki walipima damu ya mtoto kwa tarehe iliyopangwa. Risasi ilikuwa imeanza kushuka. Muuguzi hakuwaahidi mengi, alisema mwili wa mtoto huitoa taratibu na kwamba watamfuatilia hata atakapoanza shule. Binti sasa anakimbia. Anakula, na akikasirika hujitupa chini kwa namna inayomfanya bibi yake aseme damu imerudi.

Mama Ndoo ana mpango, na amekwisha uwasilisha kwa wakubwa wake bila kujibiwa bado. Anataka mtoto akikutwa na risasi kliniki, maabara iambiwe siku hiyo hiyo na mtu atumwe kwenye ua wake, bila mama kuachwa akapime viatu vyake kwanza. "Sisi tunaujua udongo, wao wanaijua damu, na barabara kati yetu ni moja," anasema. "Kwa nini mimi mzazi ndiye niwe nakimbia huku na kule?"

Tangu mwaka jana pia ameongeza swali katika kazi yake. Kabla ya kuchimba popote, humwuliza anayefagia anatupa wapi. Ndiyo maana asubuhi ya leo, kwa mshonaji, kijilundo cha nyuma ya pipa kilipata mfuko wake.

Mchana anarudi nyumbani, ndoo mkononi, viatu vya kazi ameviacha maabara. Uani kuna tuta jipya lililozungushiwa mbao upande ulio mbali na madirisha. Juzi mumewe alileta udongo wa kulijaza, nusu lori, kutoka shamba la mtu anayemfahamu. Mbegu za mchicha ziko kwenye kikopo dirishani, hazijaguswa. Mama mkwe amekataa zipandwe.

Tunamkuta ameketi kwenye kigoda, fagio limeegemezwa ukutani, mjukuu amelala begani. Anamwomba mkwe wake achukue kitu kilicho kwenye ngazi. Ni mfuko wa maabara, umejazwa na kufungwa. Mama Ndoo anauinua kwenye mwanga. Ndani kuna udongo mweusi, kokoto mbili, kipande cha mzizi, jani lililokauka na kitu kinachofanana na mguu wa mende.

"Wa tuta jipya," anasema Bibi Fagio. "Kabla mke mwenzangu hajaula. Nimechota kila pembe, kina cha kiganja."

Anamsogeza mtoto begani, anaurudia mfuko kwa macho, na inaonekana wazi kwamba lile jani linamkera.

"Nimeuacha na uchafu wake wote, mwanangu," anasema. "Kaupime."